Dolmetsch: Fundi Aliyevifufua Vinanda

Kwa Kijerumani, dolmetsch maana yake ni mkalimani. Ni jina la ukoo tu, lakini Arnold Dolmetsch lilimkaa sawasawa. Alichokifasiri ni muziki ambao masikio ya watu yalikuwa yameshausahau.

Alizaliwa mwaka 1858 huko Le Mans, Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa piano, na babu mzaa mama fundi wa vinanda vya kanisani, kwa hiyo karakana ndiyo ilikuwa shule yake ya kwanza. Sisi tuliokulia Mbwera tunaijua shule hiyo: unakaa karibu na fundi wa mtumbwi, unashika tezo, unakosea, unarudia, na cheti hupewi. Baadaye alisomea fidla Brussels na London, na mwaka 1885 akaanza kufundisha Dulwich.

London ndiko alikokuta muziki wa kale umelala maktabani. Wasomi waliujua, ila wengi waliviona vinanda vyake kama piano ambazo hazijakomaa. Vikae makumbusho, basi. Jamaa akakataa. Piano hugonga nyuzi kwa nyundo, hapsikodi huzidonoa. Ukiupiga muziki wa hapsikodi kwa piano, umeshaubadilisha. Sasa hapsikodi utaipata wapi? Akarudi kwenye randa na patasi: udi wa Kizungu mwaka 1893, klavikodi 1894, hapsikodi 1896. Kisha Boston, kiwandani kwa Chickering, halafu Paris kwa Gaveau, mpaka vita vikamrudisha Uingereza. Mwaka 1915 akachapa kitabu juu ya upigaji wa muziki wa karne ya 17 na 18: mwendo, madoido, yale yote ambayo noti peke yake hazikwambii. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko vinanda vyenyewe.

Mwaka 1919 mkoba uliokuwa na filimbi yake ya kale ya mbao ulisahaulika katika stesheni ya Waterloo. Akaamua kuchonga ya kwake, na filimbi zile zikaenea hadi mashuleni.

Kuanzia 1925, mjini Haslemere, mkewe Mabel na watoto walipiga naye kwenye tamasha la kila mwaka. Alifariki 1940. Rudolph, mwanawe mpiga hapsikodi, alipotea baharini 1942 meli yake ilipozamishwa vitani. Karakana ikabaki kwa Carl, ambaye baada ya vita alianza kutoa filimbi za plastiki, za bei ambayo mtoto wa shule angeimudu.