Rachel Carson alivyoihoji serikali kuhusu sumu

Wengi wetu hudhani kwamba kuyapenda mazingira ni kupanda mche siku ya sherehe, kisha kuwaachia wakubwa mengine yote. Maisha ya Rachel Carson, mwanasayansi wa Marekani, yanatufunza vingine.

Carson alizaliwa mwaka 1907 huko Springdale, jimbo la Pennsylvania. Alisomea elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, na mwaka 1936 akaajiriwa na idara ya serikali iliyosimamia uvuvi. Alijiuzulu mwaka 1952, baada ya kitabu chake kuhusu bahari kumpatia sifa na riziki ya kutosha.

Angaliweza kutulia. Lakini Januari 1958 alipata habari kutoka kwa rafiki yake wa Massachusetts kwamba ndege walikufa ovyo baada ya ndege za serikali kunyunyiza DDT ili kuangamiza mbu. Hapakuwa na mhalifu wa kukamatwa, kwani sumu ile ilimwagwa kwa idhini halali. Carson akatambua kwamba haitoshi kuwalilia ndege. Sharti mtu aulize ni sera gani iliyoruhusu jambo hilo, na ni nani aliyepima madhara yake.

Kwa miaka minne alikusanya ushahidi, huku akija kuugua saratani ya matiti. Kitabu chake, Silent Spring, kilipotoka mwaka 1962, makampuni ya kemikali yalimshambulia vikali, na wapo waliombeza kwa kuwa ni mwanamke. Ilhali hakudai dawa zote zipigwe marufuku. Alitaka zitumiwe kwa hadhari na umma uelezwe ukweli. Washauri wa sayansi wa Rais John Kennedy walilichunguza suala hilo, na ripoti yao ya Mei 1963 ikaunga mkono hoja zake nyingi. Mwezi uliofuata alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti.

Alifariki Aprili 1964, akiwa na umri wa miaka 56. Hakuyaona matunda ya jasho lake: shirika la serikali la kulinda mazingira lililoundwa mwaka 1970, wala marufuku ya DDT katika kilimo cha nchi hiyo mwaka 1972.

Sisi Wakenya tuna silaha ambayo Carson hakuwa nayo. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyepata hasara. Lakini ripoti za athari za miradi zinapotangazwa ili wananchi watoe maoni, ni wangapi kati yetu huzisoma? Anayenyunyiza dawa kwenye sukuma wiki na anayeinunua sokoni wote wana haki ya kujua ni nani aliyeidhinisha dawa hiyo, na kwa ushahidi gani. Tusipouliza, watakaoandika sera ni wale wanaoiuza.