Daktari Albert Schweitzer na Mabomu ya Atomu

Wasomaji wengi wa sharika zetu wamekwisha kusikia jina la Albert Schweitzer, yule mganga wa Lambaréné. Habari inayosimuliwa kila mara ni ile ya hospitali yake katika msitu wa Gabon. Lakini habari za uzee wake, jinsi alivyoungana na watu wa elimu nyingine mbalimbali ili kupunguza hatari ya mabomu ya atomu, hazisimuliwi sana. Hizo ndizo nitakazo kuziandika hapa, nikitangulia kueleza kwa maneno machache alivyoanza.

Alizaliwa tarehe 14 Januari 1875 katika mji mdogo wa Kaysersberg, nchi ya Alsace, ambayo siku zile ilikuwa chini ya Ujerumani na sasa ni ya Ufaransa. Baba yake alikuwa mchungaji katika kijiji cha Günsbach, na kanisa la kijiji kile lilitumiwa na Waprotestanti na Wakatoliki kwa zamu. Mtoto alijifunza kinanda mapema, hata akawa fundi mkubwa wa kinanda cha kanisani. Huko Strasbourg akasoma filosofia na thiolojia, akawa mhubiri katika Kanisa la Mtakatifu Nikolao, akaandika kitabu juu ya Bach, mtungaji wa nyimbo, na kingine juu ya uchunguzi wa maisha ya Yesu. Hata alipopata miaka 30, mtu mwenye sifa na kazi nzuri, akarudi kuketi kitini kama mwanafunzi ili ajifunze uganga, maana alitaka kwenda Afrika.

Chama cha Misioni cha Paris kilimwogopa kwa sababu ya mawazo yake ya thiolojia. Kikamkubali kwa sharti hili: aende kama mganga tu, asihubiri. Wachungaji wenzangu watajua uzito wa sharti hilo. Naye akalikubali. Mwezi wa Aprili 1913 akafika Lambaréné, kando ya mto Ogooué, pamoja na mkewe Helene, aliyekuwa amejifunza uuguzi. Wagonjwa wa kwanza aliwatibu katika banda lililokuwa la kuku. Vita ilipotokea mwaka wa 1914, Wafaransa waliwaweka chini ya ulinzi kwa kuwa ni raia wa Ujerumani, na mwaka wa 1917 wakawapeleka Ufaransa kuwa wafungwa. Mwaka wa 1924 akarudi Lambaréné kuijenga kazi yake upya.

Si haki kuandika sifa peke yake. Bwana Schweitzer alimhesabu Mwafrika kuwa ndugu, lakini ndugu mdogo, na waganga wa hospitali yake walitoka ng'ambo. Neno hilo lilituuma, na bado linauma. Nalitaja mapema ili msomaji asidhani ya kuwa nasimulia habari za malaika.

Mwezi wa Agosti 1945 miji ya Hiroshima na Nagasaki katika Japani iliteketezwa, kila mmoja kwa bomu moja. Sehemu kubwa ya madini ya urani yaliyotumiwa katika kazi ile ilitoka Shinkolobwe, katika Katanga ya Kongo, nchi ambayo wenyeji wake husema Kiswahili kama sisi. Wale walioyachimba hawakuambiwa yanakwenda kufanya nini. Baadaye Marekani na Urusi zikashindana kutengeneza bomu kubwa zaidi, la haidrojeni, na ili kulijaribu wakalipasua hewani, katika visiwa na katika majangwa.

Tarehe 1 Machi 1954 Waamerika walijaribu bomu la namna hiyo katika kisiwa cha Bikini, bahari ya Pasifiki. Nguvu yake ilikuwa kama mara 1,000 ya lile la Hiroshima, kupita hata mabingwa wenyewe walivyotazamia. Majivu meupe yakaanguka juu ya watu wa visiwa vya jirani, na juu ya mashua ya Wajapani yenye wavuvi 23. Wavuvi wote wakaugua, na fundi wao wa simu ya upepo akafa mwezi wa Septemba mwaka ule ule. Ndipo dunia ilipoanza kufahamu ya kuwa bomu huweza kumdhuru mtu hata pasipo vita.

Schweitzer alikuwa amenyamaza katika mambo ya siasa miaka yote. Sasa akaandika barua kwa gazeti moja la London, nalo likaichapisha Aprili 1954. Shauri lake lilikuwa ya kuwa wenye elimu ya mambo hayo ndio wapaswao kusema wazi, kwa kuwa wao wanajua. Angalia hapo: hakujiweka mbele. Alijiona kuwa mzee wa uganga na kinanda, asiyejua siri za atomu. Ni kweli alikuwa amepewa zawadi ya Nobel ya Amani ya mwaka wa 1952, na fedha zake akazitumia kwa kijiji cha wenye ukoma. Lakini hakudhani ya kuwa zawadi ile imempa elimu asiyokuwa nayo.

Wenye elimu wakasema. Rafiki yake Albert Einstein, kabla ya kufa kwake Aprili 1955, alitia sahihi yake katika hati iliyoandaliwa na Bertrand Russell, mwanafilosofia wa Uingereza. Lakini sauti zao ziligongana na za wengine. Bingwa mmoja alisema hatari ni kubwa, mwenzake akasema ni ndogo, na mtu wa kawaida hakujua amwamini nani. Tena walisema kwa hesabu na majina magumu, hata mama mwenye kumnyonyesha mtoto hakuweza kujua kama jambo hili linamhusu.

Basi Januari 1957 mgeni akafika Lambaréné. Alikuwa Norman Cousins, mhariri wa gazeti la New York. Akamsihi mzee, aliyekuwa akitimiza miaka 82, aseme neno juu ya mabomu, kwa kuwa watu wa mataifa mengi walimwamini, na wala hakuwa mtumishi wa serikali yo yote. Mzee alisitasita. Kisha akafanya jambo ambalo mimi nalistahi kuliko vitabu vyake vyote: akawa mwanafunzi mara ya pili. Mchana aliendelea na kazi ya wagonjwa na ujenzi. Saa nyingine akasoma maandishi ya mabingwa wa fizikia, wa kemia na wa elimu ya viumbe, mpaka alipoweza kuyaeleza mwenyewe.

Alipomaliza, hakupeleka maneno yake Washington, wala Moscow, wala London, wala Paris. Aliyapeleka Oslo, mji mkuu wa Norway, nchi isiyo na bomu, akaiomba halmashauri ya Nobel iyasome. Tarehe 23 Aprili 1957 mwenyekiti wake, Gunnar Jahn, akayasoma redioni. Ndilo liitwalo Tangazo la Dhamiri. Redio za nchi zipatazo 50 zikalirudia, lakini katika Marekani halikupewa nafasi kubwa.

Ndani ya tangazo lile hakuna kelele. Mzee alieleza kama mganga anavyomweleza mgonjwa. Bomu lipasukapo, vumbi lake hupanda juu sana, huzunguka dunia pamoja na upepo, kisha hushuka na mvua. Katika vumbi hilo imo strontiamu 90. Mwili huipokea kwa kuidhania chokaa, kwa maana inafanana nayo. Hushuka juu ya majani, ng'ombe huyala majani, mtoto hunywa maziwa, na ile sumu hukaa ndani ya mifupa yake. Hupungua nusu tu katika miaka ipatayo 28. Mifupa ndiyo mahali damu inapofanyizwa. Kwa hiyo ugonjwa wa damu hutokea humo. Akaongeza habari ya watoto ambao hawajazaliwa, ya kuwa madhara yaweza kuonekana katika vizazi vijavyo. Mama yule asiyeelewa hesabu za mabingwa, sasa alielewa.

Siku chache tu baadaye Willard Libby, bingwa wa kemia katika tume ya atomu ya Marekani, akamjibu kwa barua ya wazi, akisema ya kuwa hatari hiyo ni ndogo ikilinganishwa na hatari ya kukosa silaha. Wako pia waliosema mzee anawasaidia Wakomunisti bila kujua. Yeye hakurudi nyuma. Mwisho wa Aprili 1958 hotuba zake tatu zikasomwa tena kutoka Oslo, na safari hii alisema juu ya vita yenyewe na juu ya haja ya wakubwa wa mataifa kuketi na kupatana. Wakati huo bingwa mwingine wa kemia, Linus Pauling, alikuwa amekwisha kupeleka kwa Umoja wa Mataifa ombi la kusimamisha majaribio, lenye sahihi za wenye elimu zaidi ya 9,000. Mwaka wa 1959 Pauling na mkewe wakasafiri mpaka Lambaréné kumwona mzee.

Lilibaki swali la Libby: je, sumu hiyo kweli imo katika miili ya watoto, na kwa kadiri gani? Haiwezekani kukata mfupa wa mtoto mzima ili kupima. Jibu lilipatikana katika mji wa St. Louis, Marekani, nalo halikutoka kwa watu wa kazi moja. Mwaka wa 1958 waganga, wataalamu wa meno, mabingwa wa viumbe na akina mama wa mji ule waliungana wakaanza kukusanya meno ya watoto yaliyong'oka yenyewe. Kwetu mtoto hurusha jino lake juu ya paa. Kule akina mama walilitia katika bahasha, wakaandika tarehe na mahali alipozaliwa mtoto, wakalipeleka. Mtoto alipewa kibandiko cha kuvaa kifuani, cha kuonyesha ya kuwa ametoa jino lake kwa elimu. Mpaka mwaka wa 1970 yalikusanywa meno yapatayo 300,000. Majibu ya kwanza yalichapishwa mwaka wa 1961 na mganga Louise Reiss, nayo yalionyesha ya kuwa strontiamu katika meno iliongezeka kadiri mabomu yalivyozidi kupasuliwa. Alilolieleza mzee kwa maneno sasa lilikuwa katika mizani.

Serikali hazikwenda njia moja. Tangu mwisho wa mwaka wa 1958 Marekani, Uingereza na Urusi zilisimamisha majaribio. Lakini Februari 1960 Ufaransa ikapasua bomu lake la kwanza katika Sahara, juu ya ardhi yetu ya Afrika, ingawa Ghana na nchi nyingine zilipinga kwa nguvu. Septemba 1961 Urusi ikaanza tena, na Marekani ikafuata. Oktoba 1962, kwa sababu ya makombora ya Urusi katika Kuba, dunia ilikaribia sana kuingia vitani. Baada ya hofu ile Cousins, yule mhariri, alikwenda Moscow mara mbili, akachukua maneno kati ya Rais Kennedy na Khrushchev. Na tarehe 5 Agosti 1963 mkataba ukatiwa sahihi Moscow, wa kukataza majaribio hewani, majini na katika anga za juu. Majaribio chini ya ardhi hayakukatazwa, wala bomu hata moja halikuvunjwa. Ufaransa na China hazikuingia. Hata hivyo, katika miaka iliyofuata strontiamu ilipungua katika maziwa na katika meno ya watoto.

Mzee alimwandikia Kennedy kumshukuru. Alikuwa na miaka 88, na bado alikuwa akisimamia kazi za hospitali yake. Alifariki Lambaréné tarehe 4 Septemba 1965, akazikwa kando ya mto Ogooué, karibu na majivu ya Helene mkewe, aliyefariki tarehe 1 Juni 1957, majuma machache tu baada ya tangazo lile kusomwa Oslo.