Jimmie Rodgers: Aliimba ugonjwa ambao sisi tunauficha

Siku ya soko la mifugo mjini Garissa, malori hupakia ng'ombe mpaka jua lipoe, kisha yakashika njia ya mto: Bura, Hola, Garsen, mpaka huku kwetu Pwani. Ukipanda na dereva wa makamo, usishangae akitia Jim Reeves au Kenny Rogers badala ya taarab au qaraami. Mfugaji wa Garissa na mchunga ng'ombe wa Texas hawana undugu, lakini ukame wanaujua wote, na safari ndefu wanaijua, na kumkumbuka mtu aliyebaki nyumbani. Nyimbo za zamani za kantri zinasema hayo polepole, hata asiyeelewa Kiingereza vizuri akafahamu kuwa mwimbaji ana jambo moyoni.

Aliyeifungua njia hiyo ni mtu ambaye siku hizi hatajwi sana, Jimmie Rodgers, anayeitwa baba wa muziki wa kantri. Alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897, kusini mwa Marekani, na mji wake ni Meridian katika jimbo la Mississippi. Huku kwetu reli ilikuwa imeanza kutandikwa Mombasa mwaka mmoja kabla. Mamake alifariki angali mdogo. Babake alikuwa msimamizi wa vibarua wa reli, leo yuko huku kesho kule, na mtoto akalelewa kwa jamaa. Kabla ya kubaleghe vizuri alishatoroka kufuata vikundi vya maonyesho, na babake akamrudisha. Akapewa kazi ya kuwapelekea maji vibarua, wengi wao watu weusi, na inasemekana ndio waliomfunza gitaa na nyimbo za kazi. Baadaye akawa mtu wa breki, kazi ya kupita juu ya mabehewa garimoshi likiwa linakwenda. Mvua yako, baridi yako.

Alimwoa Carrie Williamson mwaka 1920. Binti yao wa pili alifariki akiwa mchanga, Disemba 1923, baba yuko mbali anatafuta riziki. Mwaka uliofuata akaanza kutema damu. Ilikuwa kifua kikuu, naye ana miaka 27 tu.

Reli haina kazi kwa mgonjwa wa kifua, kwa hiyo akarudia gitaa. Agosti 1927 alikwenda Bristol, mji ulio mpakani mwa Tennessee na Virginia, ambako Ralph Peer wa kampuni ya Victor alikuwa akirekodi waimbaji wa mashambani. Wenzake katika bendi wakakosana naye kwa ajili ya jina la bendi, wakajitenga. Akaimba peke yake, nyimbo 2, akalipwa dola 100. Miezi michache baadaye alirekodi wimbo wenye ile sauti yake ya kupanda ghafla na kuvunjika kooni, na santuri zikauzwa kwa malaki. Mwaka 1930 alirekodi na Louis Armstrong, mweupe na mweusi katika santuri moja, wakati ambapo kusini kwao hawakuruhusiwa hata kukaa kiti kimoja garini.

Lakini jambo linalonifanya nimwandike leo ni wimbo wa 1931, uitwao T.B. Blues. Mtu maarufu, mwenye nyumba kubwa Texas na madeni ya kutosha, alisimama akauimba ugonjwa wake kwa jina lake. Hakusingizia mafua wala uchovu. Wagonjwa wenziwe, waliokuwa wamefichwa vyumba vya nyuma, walimsikia mtu wao kwenye santuri.

Kaskazini Mashariki ugonjwa huu unaitwa qaaxo, na jina lenyewe hutamkwa kwa sauti ya chini. Familia huogopa kuwa binti hataolewa, au kwamba majirani watakataa kikombe. Muitaliano Annalena Tonelli alilijua hilo. Mwaka 1976 kule Wajir alianza kuwatibu wafugaji wa kuhamahama kwa kuwaruhusu wapige vibanda vyao karibu na kituo, wakae miezi 6 wakimeza dawa mbele ya mhudumu. Mahali hapo wenyeji wakapaita TB Manyatta. Mama huyo aliuawa mwaka 2003 huko Borama, akiwa bado anatibu kifua kikuu. Leo dawa hizo hutolewa bure katika hospitali za serikali, na muda ni ule ule wa miezi 6, lakini bado wapo wanaokohoa ndani ya nyumba hadi wakaishiwa, kwa kuona haya.

Jimmie hakuzipata dawa hizo. Ya kwanza iligunduliwa mwaka 1943, yeye ana miaka 10 kaburini. Mei 1933, akijua siku zimekwisha na mke na binti watahitaji pesa, alikwenda New York kurekodi mara ya mwisho. Walimwekea kitanda cha kukunja, akawa anaimba kisha analala, anaamka anaimba tena. Tarehe 26 Mei alifariki hotelini, miaka 35. Mwili ulirudishwa Meridian kwa garimoshi.

Santuri zake zilikuwa zimeshavuka bahari. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki, alifika Kapkatet, nchi ya Wakipsigis, akakuta jina la Jimmie Rodgers limegeuka Chemirocha. Wasichana walimwimbia wakifuatana na ala yao ya nyuzi. Kwa maelezo aliyopewa Tracey, Chemirocha alikuwa nusu mtu nusu paa, kwa maana hakuna binadamu wa kawaida awezaye kutoa sauti ile. Marehemu alikuwa na miaka 17 tangu azikwe, na wasichana wale walikuwa wakimhimiza ainuke acheze.