Mzee Karume na jengo la Msimbazi

Huku Karatu, mlangoni mwa Ngorongoro, ukitaja simba utaulizwa: wa kreta au wa Kariakoo? Hao wa Kariakoo waliitwa Sunderland hadi mwaka 1971, na anayetajwa kuwashauri waliache jina hilo la Kiingereza ni marehemu Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar. Hakumiliki klabu, lakini alizisaidia Simba na Yanga, zote mbili, kupata majengo yao. Aliuawa Aprili 7, 1972. Ukali wa utawala wake siufuniki kwa mpira. Ila majengo yale yalikuwa ya wanachama. Mwaka 2018 wanachama wa Simba waliridhia mwekezaji apate asilimia 49. Nauliza: jengo la Msimbazi limo katika hesabu hiyo?