Mshahara wa Mtu Asiyekuja Kazini

Wiki hii nawaletea habari za kijana aliyekufa 1931, na hakuwa muhubiri. Alikuwa mpiga koneti, ule mdogo wake tarumbeta. Namfikiria sana kwa sababu miaka kadhaa iliyopita, katika kanisa nililohudumu kabla ya hili, nilisimamia timu ya sifa, na tulikuwa na kijana wa kinanda. Akija, kanisa zima linajua amekuja. Asipokuja, ni mimi napigiwa simu saa mbili asubuhi. Mimi nilisomea biashara, na darasani jibu la mtu kama huyo lilikuwa rahisi. Nilimwandikia barua, nikamwondoa.

Baadaye ndio nikakutana na maisha ya Bix Beiderbecke.

Alizaliwa 1903 mjini Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, kando ya mto Mississippi. Baba yake aliuza makaa ya mawe na mbao, na familia ilikuwa ya Presbiteri. Bix akiwa mdogo aliweza kusikia wimbo kisha akaupiga kwenye piano kwa sikio tu. Mkiniuliza mimi, shida ilianzia hapo. Mtoto ambaye sikio linamfanyia kila kitu ana haja gani ya kukaa chini asome nota? Koneti alijifundisha kwa kufuata santuri, hata vidole akavipanga kivyake. Wazazi wakampeleka shule ya bweni karibu na Chicago 1921. Usiku anatoroka kwenda kusikiliza bendi. Mwaka uliofuata akafukuzwa.

1924 aliajiriwa na bendi ya Jean Goldkette, ya Detroit, na kabla mwaka kuisha akafutwa, kwa sababu hakuweza kusoma nota vizuri. Akajaribu chuo kikuu kule kwao Iowa; hakumaliza hata mwezi. Aliyemshika mkono ni Frankie Trumbauer, mpiga saksafoni, mtu wa nidhamu, aliyemchukua St. Louis akamweka karibu naye. 1926 Goldkette akawaajiri wote wawili. Februari 1927 wakarekodi Singin' the Blues, na wapiga jazi kila mahali wakakariri kipande cha Bix nota kwa nota.

Oktoba mwaka huo wakaingia kwa Paul Whiteman, bendi yenye jina na pesa kuliko zote Marekani wakati huo. Bix alilipwa dola 200 kwa wiki. Hapo kila kitu kiliandikwa kwenye karatasi, na yeye karatasi zilimtoa jasho. Bill Challis, aliyepanga nyimbo za bendi, akawa anamwachia nafasi katikati ya wimbo apige anavyojua. Kuna wanaosema kazi ile ndiyo iliyommaliza. Sikubaliani nao. Wenzake walimbeba.

Ni pombe. Na tukumbuke, kuanzia 1920 hadi 1933 pombe ilikuwa marufuku Marekani, kwa hivyo alichokunywa kilipikwa gizani, mara nyingi ni sumu tupu. Sisi tuliozika watu kwa sababu ya chang'aa iliyotiwa dawa hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Mwisho wa Novemba 1928, bendi ikiwa Cleveland, Bix akaanguka kabisa. Whiteman akampeleka nyumbani kwao kupona, na hapa ndipo niliposoma mara mbili: aliendelea kumlipa mshahara wote. Mtu hayuko kazini, kiti chake kinamngoja, na kila wiki pesa zinaingia. Whiteman hakuwa mjinga wa hesabu. Alimwajiri Andy Secrest, kijana aliyepiga kwa mtindo wa Bix, na Bix aliporudi 1929 wakapiga pamoja.

Barua yangu ilikuwa na aya tatu. Hakuna hata moja iliyomuuliza yule kijana alikuwa wapi hizo Jumapili.

Lakini nisiwadanganye. Bix alirudi kwenye treni zile zile, usiku ule ule, chupa zile zile, na sasa bendi ilikuwa na kipindi cha redio kila wiki. Mshahara Whiteman aliweza kuutuma Davenport. Kazi yenyewe hakuipunguza. Septemba 1929 Bix akaanguka tena, akarudishwa kwao. Oktoba akaingia taasisi ya Keeley, kule Dwight, Illinois, iliyotibu walevi. Alitoka, akakaa vizuri kidogo, akaenda New York, akaanza tena. Kwa Whiteman hakurudi kamwe. Tarehe 6 Agosti 1931 alikufa kwa nimonia katika nyumba ya kupanga mtaa wa Queens. Alikuwa na miaka 28. Alizikwa Davenport.

Santuri za Whiteman za 1929 zipo, na wataalamu bado wanabishana, hapa ni Bix au ni Secrest?

Mwezi jana nilitafuta namba ya yule kijana. Ilikuwa imezimwa, nikampigia mamake. Akanyamaza kwanza, kisha akaniambia yuko Eldoret, anapiga kinanda hotelini, siku zingine anaenda, siku zingine haendi. Nimepanda matatu kwenda huko mara moja. Jumamosi naenda tena.