Ralph Bunche: Msomi aliyejifunza Kiswahili ili achunguze ubaguzi wa rangi Kenya

KATIKA maeneo ya Ukunda, Diani na Msambweni, wazee bado hueleza jinsi ardhi ilivyogawanywa kwa misingi ya rangi na kabila wakati wa ukoloni. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda wa Pwani wadai mashamba yao mbele ya afisa wa serikali. Wadigo wengi na Wamijikenda wenzao hawakupata hati, na mashamba waliyoyalima kwa vizazi yakahesabiwa kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza.

Ni wasomi wachache wa enzi hizo waliojishughulisha kuwauliza Waafrika wenyewe jinsi walivyouona mpango huo. Miongoni mwa wachache hao alikuwa Mmarekani mweusi, Ralph Johnson Bunche, aliyezuru Kenya mwaka 1938 na kuishi na wenyeji wa Kiambu ili asikie kilio cha ardhi kutoka vinywani mwao.

Ulimwengu unamkumbuka Bunche kama mtu mweusi wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Safari yake ya Kenya haijulikani sana, hata miongoni mwa Wakenya.

Bunche alizaliwa Detroit mwanzoni mwa karne ya 20. Baba yake alikuwa kinyozi. Familia ilihamia Albuquerque, New Mexico, kutafuta hewa nzuri kwa sababu ya maradhi, lakini mama yake akafariki mwaka 1917. Kijana huyo alilelewa na bibi yake, Lucy Johnson, mjini Los Angeles.

Alisoma katika Chuo Kikuu cha California mjini humo huku akifanya kazi za usafi ili ajikimu. Mwaka 1927 alihitimu akiwa wa kwanza darasani. Chuo Kikuu cha Harvard kilipompa nafasi, hakuwa na fedha za nauli wala matumizi. Akina mama weusi wa Los Angeles walichanga dola 1,000 wakamkabidhi. Hivyo, tangu mwanzo, elimu yake ilikuwa na deni kwa jamii yake.

Mwaka 1928 alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington, ambako aliasisi idara ya sayansi ya siasa. Mwaka 1934 alipata shahada ya uzamifu kutoka Harvard, akiwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuipata katika taaluma hiyo. Tasnifu yake ililinganisha utawala wa Wafaransa katika Togo na Dahomey, nchi ambayo leo ni Benin. Miaka miwili baadaye alichapisha kitabu kuhusu suala la rangi duniani, akishikilia kwamba ubaguzi una mizizi katika uchumi na tamaa ya madaraka kuliko katika maumbile ya binadamu.

Mwaka huo wa 1936 alipata ufadhili wa miaka miwili wa kujifunza mbinu za utafiti wa jamii. Alianzia Chuo Kikuu cha Northwestern chini ya Melville Herskovits, kisha akaenda London kusoma kwa Bronislaw Malinowski, na hatimaye Cape Town kwa Isaac Schapera.

Huko London alikutana na Mkenya aliyekuwa mwanafunzi wa Malinowski, Jomo Kenyatta. Kenyatta alikuwa akiandika kitabu chake kuhusu maisha ya Wakikuyu, kilichotoka mwaka 1938. Bunche alimwomba amfundishe Kiswahili, naye akakubali. Rais wa baadaye wa Kenya akawa mwalimu wa lugha wa mwanadiplomasia wa baadaye wa Umoja wa Mataifa.

Baada ya miezi kadhaa Afrika Kusini, ambako alijionea ubaguzi ukitekelezwa kwa sheria, Bunche aliingia Afrika Mashariki mapema mwaka 1938. Wakati huo mwanamume Mwafrika nchini Kenya alilazimika kubeba kipande, alitozwa kodi ya kichwa, na hakuruhusiwa kumiliki shamba katika nyanda za juu zilizotengewa masetla wa Kizungu.

Mwenyeji wake alikuwa Chifu Mkuu Koinange wa Mbiyu, ambaye mwanawe, Mbiyu, alikuwa amesoma Marekani. Mzee Koinange hakuwa mgeni katika mjadala wa ardhi. Tume ya Carter ilipokuja mwanzoni mwa miaka ya 1930 kusikiliza madai ya Waafrika, alifukua kaburi la babu yake ili mifupa iwe ushahidi kwamba ardhi ile ilikuwa ya ukoo wake kabla ya setla kufika. Hata hivyo, ripoti ya mwaka 1934 haikuwarejeshea Waafrika nyanda hizo.

Wakikuyu walimpokea Bunche kama ndugu aliyepotea. Walimpa jina Kariuki, lenye maana ya aliyefufuka, kwa kuwa walimwona kama mmoja wa waliochukuliwa na utumwa na sasa amerejea. Ingawa mababu wa Wamarekani weusi wengi walitolewa Afrika Magharibi, jina hilo lingeeleweka vyema hata Kwale, ambako mapango ya Shimoni yanahusishwa hadi leo na biashara hiyo.

Mwaka 1939 Bunche alichapisha makala kuhusu suala la ardhi nchini Kenya kama lilivyoonekana na chifu wa Kikuyu. Ilitoka katika jarida la historia ya watu weusi lililoanzishwa na Carter Woodson. Mwaka 1941 alifuatisha makala kuhusu sherehe za tohara Kiambu. Katika makala ya kwanza, ambayo ndiyo inayotuhusu hapa, mtaalamu wa kueleza dhuluma hakuwa profesa wala afisa wa wilaya, bali mzee aliyeipitia.

Aliporejea nyumbani, Bunche aliitumia mbinu hiyo kwa jamii yake mwenyewe. Shirika la Carnegie lilikuwa limemwajiri msomi wa Uswidi, Gunnar Myrdal, kuchunguza hali ya watu weusi wa Marekani, naye Bunche akawa msaidizi wake mkuu. Walizuru majimbo ya Kusini wakiwauliza watu iwapo waliruhusiwa kupiga kura, na nini kiliwapata walipojaribu. Bunche aliandika maelfu ya kurasa za ripoti. Kitabu cha Myrdal kilitoka mwaka 1944, na Mahakama ya Juu ya Marekani ilikitaja mwaka 1954 ilipoharamisha ubaguzi katika shule za umma.

Mwaka 1945 Bunche alisaidia kuandaa sura za Mkataba wa Umoja wa Mataifa zinazohusu makoloni na nchi za udhamini, kisha akasimamia idara ya udhamini ya umoja huo. Ni kupitia mlango huo ambapo mwaka 1952 Kirilo Japhet wa Tanganyika alifika New York kuwalilia Wameru waliofurushwa katika mashamba yao ili kuwapisha masetla. Alisikilizwa, ingawa ardhi haikurudishwa wakati huo. Kenya haikuwa nchi ya udhamini, kwa hivyo Wakikuyu na Wadigo hawakuwa na mlango kama huo.

Mnamo Septemba 1948 mpatanishi wa Palestina, Folke Bernadotte, aliuawa, na Bunche akachukua nafasi yake. Mwaka 1949 alifanikisha mikataba ya kusitisha vita kati ya Israeli na jirani zake, na mwaka 1950 akatunukiwa Nobel.

Hakukosa lawama. Alipotumwa Kongo mwaka 1960 hakuelewana na Patrice Lumumba, na Waafrika wengi waliuona Umoja wa Mataifa kuwa ulimwacha kiongozi huyo mikononi mwa maadui. Huko kwao, Malcolm X alimwona kama mtu aliyekaa mno na wakubwa. Hata hivyo, mwaka 1965 Bunche, akiwa na afya dhaifu, aliandamana bega kwa bega na Martin Luther King kutoka Selma kudai haki ya kura. Alifariki New York mnamo Desemba 9, 1971.

Mwalimu wake wa Kiswahili alimwacha nyuma kwa miaka saba. Shughuli ya mwisho ya hadhara ya Rais Kenyatta ilikuwa Msambweni, Agosti 1978. Aliiaga dunia mjini Mombasa huku maskwota wa Pwani wakiwa bado wanasubiri hati, na wengi wao, au watoto wao, wangali wanasubiri.

Katika hilo mna funzo kwa vyuo vikuu vinavyotuma watafiti Kwale. Kumsikiliza mwenyeji ni mwanzo mwema, na Bunche alilifanya hilo wakati wenzake wengi walipuuza. Lakini makala yake yalisomwa Washington, kwa Kiingereza. Mtafiti anayeandika leo kuhusu ardhi ya Ukunda hana budi kuurejesha utafiti huo Ukunda, kwa lugha ambayo mzee aliyehojiwa ataisoma, aikosoe, na aibebe mbele ya afisa wa ardhi kama ushahidi wake mwenyewe.