Kurt Lewin, mtu aliyeitilia shaka hotuba

Kila mwalimu analijua gwaride la asubuhi. Mwalimu mkuu husimama mbele ya wanafunzi akawaonya dhidi ya uvivu, uchelewaji na lugha chafu. Wanafunzi husikiliza kwa adabu, huitikia kwa sauti moja, kisha huenda zao madarasani kuendelea na yale yale waliyokatazwa. Aghalabu sisi walimu huwalaumu wanafunzi kwa jambo hilo. Yuko mtaalamu mmoja wa saikolojia, aliyefariki mwaka 1947, ambaye yamkini angeanza kwa kuichunguza hotuba yenyewe.

Kurt Lewin alizaliwa tarehe 9 Septemba 1890 katika mji mdogo wa Mogilno, uliokuwa chini ya himaya ya Ujerumani na ambao leo umo Poland. Wazazi wake walikuwa Wayahudi wenye duka. Mwaka 1905 jamaa yote ilihamia Berlin kwa ajili ya masomo ya watoto. Kijana huyo alianza na udaktari, akauacha, akajaribu biolojia, hatimaye akatulia katika falsafa na saikolojia. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914 alijiunga na jeshi. Alijeruhiwa vitani, na nduguye Fritz akauawa.

Akiwa bado askari aliandika makala fupi, iliyochapishwa mwaka 1917, kuhusu namna nchi inavyobadilika machoni pa mpiganaji. Kichaka ambacho msafiri wa siku za amani angekiona kuwa kivuli cha kupumzikia, askari hukiona kuwa maficho, au mauti, kwa kadiri anavyoukaribia mstari wa mapigano. Nionavyo mimi, mbegu ya fikra zake zote imo humo. Lewin alishikilia kwamba mwenendo wa mtu hauwezi kuelezwa kwa tabia yake peke yake. Sharti atazamwe pamoja na mazingira yake, tena mazingira jinsi yeye mwenyewe anavyoyaona, si jinsi mtazamaji wa mbali anavyoyaona. Mwaka 1936 aliiweka kauli hiyo katika kanuni fupi ambayo wanafunzi wa vyuo vya ualimu wangali wakiikariri, ingawa sijui ni wangapi kati yetu huikumbuka tukishaingia darasani.

Baada ya vita alifundisha katika chuo kikuu cha Berlin. Wengi wa wanafunzi wake wa karibu walikuwa wanawake waliotoka nchi za mashariki ya Ulaya, nao alizoea kujadiliana nao kwa saa nyingi mkahawani. Husimuliwa kwamba waligundua huko jambo la ajabu: mhudumu alikumbuka bila kuandika kila kilichoagizwa na kila mteja, lakini akishalipwa, husahau yote. Bluma Zeigarnik, mmoja wa wanafunzi hao, alilipima jambo la namna hiyo kwa majaribio. Mwaka 1927 alichapisha matokeo yake kwamba watu hukumbuka kazi walizokatizwa kuliko kazi walizomaliza. Lewin alieleza kwamba nia ya kufanya jambo huzua mvuto ndani ya nafsi, na mvuto huo haulegei mpaka jambo litimie. Wengine waliolirudia jaribio hilo baadaye hawakupata matokeo yale yale kila mara. Hata hivyo swali lilikuwa limekwisha kuulizwa: ari hutoka wapi, na huisha lini?

Maisha ya Berlin yalikatika mwaka 1933. Lewin alikuwa njiani akirudi kutoka Marekani, alikofundisha kwa muda, akipitia Japani na Urusi, Hitler aliposhika madaraka. Alitambua mapema kwamba Ujerumani haikuwa tena mahali pa Myahudi kulea watoto. Mwaka huo huo alihama na mkewe na watoto. Alianza upya katika chuo kikuu cha Cornell, na mwaka 1935 akahamia Iowa, katika kituo cha utafiti wa malezi ya watoto. Kiingereza chake kilikuwa cha kigeni. Mamaye alibaki Ulaya. Juhudi za mwanawe za kumpatia ruhusa ya kuingia Marekani hazikufua dafu, naye akaangamia katika kambi za Wanazi. Mambo haya yafaa kukumbukwa tunaposoma majaribio yake kuhusu uongozi. Aliyekuwa akiuliza kwa nini watu hutii alikuwa ameona utiifu ukiliangamiza taifa zima.

Huko Iowa, mnamo 1938 na 1939, Lewin, mwanafunzi wake Ronald Lippitt, na Ralph White waliunda vikundi vya wavulana wa umri wa miaka 10 hivi. Kila kikundi kilikuwa na watoto watano, waliokutana baada ya masomo kutengeneza vinyago na vitu vingine. Viongozi wengine waliongoza kiimla, wakitoa amri hatua kwa hatua. Wengine waliongoza kidemokrasia, wakiwaacha watoto waamue pamoja huku wakiwasaidia. Mtindo wa tatu haukupangwa hapo mwanzo. White, alipokuwa akijaribu kuongoza kidemokrasia, alilegeza mno hata wenzake wakaona kwamba ile haikuwa demokrasia bali kuwaachilia watoto, nao wakaamua kuupima mtindo huo pia.

Matokeo yake hayakuwa mepesi kama yanavyofundishwa. Watoto waliotii kiimla walifanya kazi sana kiongozi alipokuwapo: asilimia 74 ya muda wao. Alipotoka nje, kiwango kilianguka hadi 29. Katika vikundi vya kidemokrasia kiwango kilikuwa 50 mbele ya kiongozi, na 46 alipokuwa nje. Basi anayepita dirishani kutazama angelisifu darasa la kiimla. Sharti asubiri mpaka mwalimu atoke ndipo ajue ni darasa gani lenye ari yake lenyewe. Na katika vile vikundi vilivyoachiliwa, kazi ilikuwa kidogo na manung'uniko mengi. Tangu kiboko kipigwe marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, nimewasikia walimu wakisema kwamba wamebakiwa na njia moja tu, kunyamaza na kutazama. Jaribio la Iowa linaonyesha kwamba njia ni zaidi ya mbili.

Mwaka 1942 Marekani ilikuwa vitani na nyama ya kawaida ilikuwa ikipelekwa kwa majeshi. Serikali ilitaka raia wale mioyo, figo na kongosho za ng'ombe. Msomaji wa Kenya, ambaye kwake matumbo ni kitoweo cha kugombewa, atacheka. Lakini kwa Wamarekani wengi wa wakati huo hivyo vilikuwa vyakula vya aibu. Lewin, akishirikiana na kamati ambayo Margaret Mead alikuwa katibu wake mtendaji, aliuliza kwanza nani huamua kinachofika mezani. Aliona kwamba ni mama wa nyumbani, kwa kuwa chakula hupitia mikononi mwake kama mtu apitavyo langoni penye bawabu.

Alichukua makundi sita ya akina mama waliojitolea katika Msalaba Mwekundu, kila kundi likiwa na watu 13 hadi 17. Makundi matatu yalipewa hotuba nzuri yenye maelezo ya lishe, wajibu kwa taifa na namna ya kupika. Makundi mengine matatu yalijadiliana kwa muda ule ule kuhusu vizuizi: mume atakayekataa, harufu jikoni. Mwishoni waliombwa wainue mikono walio tayari kujaribu. Baadaye watafiti waliwafuatilia. Waliokuwa wamepika mojawapo ya nyama ambazo hawakuwa wamezipika kabla walikuwa asilimia 3 kati ya waliohutubiwa, na asilimia 32 kati ya walioamua pamoja.

Yapo makosa ya kutaja. Makundi yalikuwa madogo, na wale waliojadiliana waliambiwa kwamba wangefuatiliwa, ilhali wenzao hawakuambiwa. Mwaka 1955 Edith Bennett alitenganisha mambo yaliyochanganywa humo. Akaona kwamba mjadala wenyewe na kuinua mkono hadharani si mambo yenye uzito zaidi. Lenye uzito ni mtu kufikia uamuzi, na kuona kwamba wenzake karibu wote wameamua vivyo hivyo. Kwa hiyo mwalimu anayeanzisha mjadala ambao hauishii kwenye uamuzi wowote amebadilisha namna ya kuzungumza tu.

Mwaka 1945 Lewin alianzisha kituo cha utafiti wa mienendo ya makundi katika chuo cha teknolojia cha Massachusetts. Kiangazi cha 1946 aliendesha mafunzo huko Connecticut kwa walimu na watumishi wa jamii, ili wajifunze kupambana na ubaguzi wa rangi na dini. Kila jioni watafiti walikutana faraghani kujadili waliyoyaona mchana. Baadhi ya washiriki wakaomba kuketi humo. Watafiti wengine walisita, Lewin akawaruhusu. Muda si muda mama mmoja akamkatiza mtafiti aliyekuwa akieleza mwenendo wake, akisema kwamba mambo hayakuwa hivyo. Ubishi ukapamba moto. Lewin alifurahi. Jioni zilizofuata karibu washiriki wote walikuja, na yale mazungumzo ya usiku yakawafunza kuliko ratiba ya mchana.

Alifariki kwa moyo tarehe 12 Februari 1947, akiwa na umri wa miaka 56. Makala yake kuhusu hatua tatu za badiliko, yaani kuyeyusha mazoea ya zamani, kusogea, kisha kugandisha mazoea mapya, ilichapishwa baadaye mwaka huo. Kiangazi hicho wenzake walikusanyika Bethel, katika jimbo la Maine, kuendesha mafunzo aliyokuwa ameyapanga pamoja nao. Safari hii washiriki waliketi na watafiti wao tangu siku ya kwanza.